Siku Sabini na Moja za Mtani Wangu

Kiwalani, Jumapili mchana

Mama Tumaini, mke wangu,

Kamwene. Kamwene tena, maana ile ya kwanza najua umeipokea ukiwa na mwiko mkononi na hukuisikia. Kifua cha mama kimetulia na hiyo baridi yenu ya Iringa? Tumaini ameacha kujibizana na mwalimu wake wa hesabu? Mie mzima, ukiondoa kiuno, ambacho tangu tuoane unajua si cha kutegemewa.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Simu yako huwa unaiweka spika, mama anasikia, watoto wanasikia, jirani anachangia. Haya si ya spika. Barua hii nitampa konda wa basi la kesho alfajiri. Soma ukiwa peke yako, na pale penye kucheka ucheke, kwa sababu mbele huko sina cha kukuchekesha.

Ni habari za Komba, yule Mngoni wa Songea, fundi mwenzangu wa samani ninayelala naye chumba kimoja. Yule aliyekuambia kwenye simu, "Shemeji, mumeo amenenepa, tangu aje mbwa wa mtaa huu hawaonekani." Aliporudi likizo yake ya mwisho kwao alikuwa amenyong'onyea. Tukiwa tunapiga msasa meza moja, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mtani, nyumbani nimeaibika."

"Umekula panya wa mama mkwe?"

"Acha hizo. Kazi ya mume imenishinda. Siku kumi na nne, sikuweza hata mara moja."

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mie nilicheka mpaka msasa ukanidondoka.

Jumapili moja tukaenda Tandale kununua maharage. Pale sokoni kuna bwana mmoja wa dawa, kafunga spika kwenye baiskeli, sauti imemkauka lakini haachi. "Kaka yangu! Unachoka bila sababu? Macho yana ukungu? Unakojoa kila saa? Kiungo kimelegea? Hiyo ni punyeto! Uliyoifanya jana inakudai leo!" Komba akasimama na kiroba cha maharage begani, hata kukitua hakukitua. Kila alichotaja yule bwana, yeye alikuwa nacho.

"Mtani," akaninong'oneza, "huyu mtu amenisoma."

Na ni kweli alikuwa anajichua, kama wanaume wengi wanaoishi mbali na wake zao. Mie nami, nisijifanye padri mbele yako, miezi minane sijakuona. Yule bwana akampa unga wa mizizi na sharti: siku tisini asijiguse, na asikanyage hospitali, eti sindano huvunja nguvu ya dawa.

Sasa wewe ni Mhehe, huhitaji kuelezwa utani. Mngoni nimseme nitakavyo kwa panya wao, naye aniseme atakavyo kwa mbwa wetu, na anayenuna ndiye mjinga. Nikaibeba siri yake mpaka karakana nzima. Akawa anapiga mstari wa penseli kwenye mlango kila asubuhi, nami nasimama juu ya benchi naita kama mwalimu wa zamu:

"Mngoni! Siku ya ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Mlinzi yuko lindoni?"

"Yuko lindoni, Mhehe. Hajasinzia."

Watu wanavunjika mbavu, na yeye anacheka kuliko wote. Nikaona nimfanye kichekesho zaidi, nikatangaza kwamba na mie nafunga naye, tuone nani atafika. Nakupa matokeo yangu, uwaeleze wanaouliza. Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira, nimegombana na mbao. Wiki ya pili nilitegemea kuamka na kifua cha mpiga mieleka, nikaamka na kiuno kilekile. Siku ya kumi na nane nikakuota umevaa kile kitenge cha zambarau, asubuhi nikaamkia kufua shuka. Siku ya thelathini nilikuwa kama nilivyokuwa siku ya kwanza, mtu wa miaka arobaini na tisa mwenye kipara. Nikaacha kuhesabu, na hakuna kilichopungua wala kuongezeka.

Komba yeye hakuacha. Na hali haikuwa nzuri, mke wangu. Alikuwa anakwenda chooni kila mara, nami nikaligeuza hilo nalo kichekesho. Akiinuka tu napaza sauti, "Jamani, Mngoni anakwenda kufuturu!" Akawa anabana mkojo mpaka jasho linamtoka. Kisha akaacha kunywa maji, ili asiinuke. Bi Saada, yule mama wa Kizaramo anayetupikia getini, ndiye pekee aliyekasirika. Aliniwekea sahani ya ubwabwa kwa kishindo.

"Nyie wanaume mna laana gani? Huyo mtu anakonda mnamwona. Mpelekeni akapimwe."

"Bi mkubwa, bado siku arobaini," nikamjibu, na wote wakacheka, Komba mwenyewe akiwa wa kwanza.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu.

Siku moja niliingia chooni baada yake. Pale pembeni mwa tundu, alipomwaga nje kwa haraka, sisimizi walikuwa wamejaa, wamejipanga kama wanaoingia kanisani. Nilisimama pale. Wewe ulikuwa bibi harusi wa mwaka mmoja ulipowaona sisimizi kama hao nyuma ya zizi, mahali mama alipokuwa anamwaga beseni la mkojo wa baba. Ni wewe uliyesema twende zahanati, na ndiyo ikajulikana ni sukari. Kwa hiyo nilijua. Sisemi nilishuku. Nilijua kama ninavyojua mbao ya mninga na ya mpodo nikiwa nimefumba macho.

Nikatoka nikasema, "Mngoni, hata sisimizi wameshajua una asali huiuzi!"

Wakacheka sana. Kilikuwa kichekesho changu bora mwaka huu. Nikajiambia nitamwambia kesho, tukiwa wawili. Kesho yake akajikata na patasi, kidole cha mguu, kidonda kidogo. Nikaona nikimwambia sasa ataniuliza kwa nini sikusema jana. Unaona nilivyo? Nilimwonea haya mtu ambaye nilimvua nguo mbele ya karakana kila asubuhi. Kidonda kikawa hakifungi, kikaanza kunuka. Yeye akasema kitapona siku ya tisini, na mie nikasema, "Na mkia utaota."

Siku ya sabini na moja, saa nne asubuhi, niliita kutoka juu ya benchi, "Mngoni! Siku ya ngapi?" Hakujibu. Watu wakadhani anaigiza, wakacheka. Alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye mlango, macho wazi, anahema kama aliyekimbizwa, na mdomo unanuka kama matunda yaliyovunda. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani kwenye bajaji. Alikuwa mwepesi. Ningeweza kumbeba mpaka Pugu.

Hospitali walimpima wakasema sukari imepanda kupita kiasi. Mguu wa kulia umekatwa chini ya goti. Macho nayo hayaoni vizuri, wanasema huenda yakarudi, huenda yasirudi sana.

Daktari ni binti ambaye ningeweza kumzaa. Nilimwuliza habari ya ule mfungo, akanieleza bila kuona haya hata kidogo, haya nilibaki nayo mie. "Baba, kujichua hakumpi mtu kisukari, hakupofushi, hakulegezi mgongo. Na kuacha hakudhuru. Mwili mbegu zake unazinywa wenyewe, au zinatoka usingizini. Wapo wanaoacha wakajisikia vizuri, wametua mzigo wa aibu, au ilikuwa inawalia muda. Hao waache. Ila kuacha hakutibu ugonjwa. Kule kushindwa kwake na mkewe ilikuwa alama ya sukari. Mwili ulikuwa unaita."

"Angekuja mapema, daktari?"

"Angekuja na miguu miwili, tungeanzia hapo."

Komba alipozinduka nilitaka anitukane. Nilisimama pale kitandani nikisubiri. Akapapasa shuka mpaka pale mguu unapoishia, kisha akasema, "Mhehe, umefurahi? Sasa nitanunua viatu nusu bei." Na akacheka! Utani haumruhusu kununa, na mie ndiye niliyemfungia humo. Halafu akanishika mkono, akaniomba nimpigie mkewe, kwa kuwa yeye akisikia sauti yake atalia.

"Mwambie ni sukari, siyo ule mchezo. Na mwambie mtani wangu hakujua, kama mie nilivyokuwa sijui. Ndiye aliyenibeba."

Nikapiga palepale, yeye akisikiliza. Nikamwambia Mama Skola, mkewe, neno kwa neno. "Mtani wake hakujua, kama mumeo alivyokuwa hajui." Akasema, "Asante shemeji, Mungu akuzidishie." Alisema hivyo mara nne.

Anakuja kumwuguza mumewe; basi kutoka Songea litamfikisha Mama Skola hapo Iringa Jumatano jioni, na nimemwambia asiunganishe usiku, alale kwetu. Umpokee. Mpe kitanda cha Tumaini.

Msalimie mama, mwambie mwanawe anakula. Msalimie kaka mkubwa, na yule shemeji yako mwenye mashine ya kusaga. Mwalimu wa hesabu mwambie namwombea. Tumaini mbusu, hata akikataa.

Mke wangu, Mama Skola atakuuliza kama nilijua. Mtakuwa jikoni, na wanawake mkikaa jikoni hamfichani. Mie nimeshamdanganya, wewe sikuombi umdanganye. Kumwambia nako sikuombi. Ila mpe chai kwanza, anywe.

Mumeo,
Baba Tumaini