Fundi wa Mapangaboi

Nyumbani,
Nyuma ya kiwanda cha matofali,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na shemeji ameacha kile kikohozi chake cha kuamsha majirani. Wapwa zangu hawajambo? Yule mdogo aliyeng'oka meno ya mbele, yameshaota au bado anapiga mluzi kila akisema "sasa"? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, ila macho yanazidi kumdanganya. Juzi alilisalimia shuka lililoanikwa uani, akakasirika kwamba halikumwitikia.

Najua Mama ameshakusimulia kwenye simu kwamba mdogo wako siku hizi anafanya kazi angani. Nimeona nikuandikie mwenyewe, kwa sababu kwenye simu ningekudanganya. Kwenye karatasi naona haya. Ukimaliza kusoma, ichane.

Ulipoondoka, kule mlimani palikuwa na minara mitatu tu ya umeme wa upepo. Sasa iko thelathini na minne, na ng'ambo ya bonde watu wengine wameanza kupima upepo wa kwao. Umeme haukatiki ovyo kama zamani, na yule fundi wa kuchomelea mageti pale njia panda ameacha kutukana mbele za watoto. Wenyewe wanapaita shamba la upepo. Mama alipolisikia jina hilo aliuliza, kama ni shamba, wanapanda nini? Nikamjibu kwamba hawapandi kitu. Hapo nilikosea, kama utakavyoona.

Mwezi wa nne wakabandika tangazo: "Anatakiwa fundi wa mapangaboi mwenye uzoefu usiopungua miaka kumi." Dada, mimi nina miaka ishirini na miwili! Nani katika mji huu hamjui Fundi Stuli? Pangaboi gani la dari halijapita mikononi mwangu? Nikajisemea, kampuni kubwa kama ile lazima ina ofisi nyingi, na kila ofisi ina pangaboi lake. Nikapiga pasi shati, nikachukua bisibisi na stuli yangu, nikaenda.

Nilikuta watu watatu nyuma ya meza, na juu ya vichwa vyao pangaboi linalia kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Sikusubiri kuulizwa. Nikapanda stuli, nikakaza skrubu mbili, likanyamaza. Wakapiga makofi. Kisha mmoja akaniuliza kama urefu unanisumbua. Unanijua nilivyo, hata kwenye picha ya harusi yangu nilisimama juu ya tofali. Niliona ni utovu wa adabu, lakini nikamjibu kwa heshima kwamba urefu haujawahi kunisumbua, wanaosumbuka ni wanaonicheka. Wakaandika. Na kupanda je, naweza? Nikatukumbuka mimi na wewe nyuma ya Bibi, wewe unachimba vishimo, mimi natia mbegu. Nikawaambia nilianza kupanda nikiwa na miaka sita, tena miguu mitupu, na mvua ikinyesha. Wakatazamana. Nikaajiriwa palepale.

Siku hiyohiyo nikarudisha ufunguo wa kibanda changu cha ufundi, na kesho yake muuza viatu akahamia. Kwa hiyo pa kurudi hapakuwepo tena.

Siku ya kwanza gari lilituchukua asubuhi, likazipita ofisi. Nikamwambia dereva tumepitiliza. Akacheka, na mimi nikacheka ili nisionekane mshamba. Tulisimama mlimani, chini ya mnara namba tisa. Msimamizi wetu, binti mwembamba wanayemwita Kamba, akanivisha kofia ngumu na mkanda wenye kulabu, akafungua kimlango cha chini. Akasema, "Haya fundi, pangaboi lako liko huko juu. Ngazi ni mita themanini." Nikatazama juu. Stuli ikanidondoka.

Wewe unajua, Dada. Katika nyumba hii anayebadilisha balbu ya barazani ni mke wangu, mimi nashika ngazi na kutoa ushauri. Nikivuka kimo cha stuli, nakumbatia ukuta.

Kamba akaniambia nina wiki mbili za majaribio. Alhamisi ya wiki ya pili, ambaye hajapanda anavua mkanda anakwenda zake. Siku ile nikasema tumbo linanisokota. Kesho yake buti zilikuwa zinabana. Siku ya tatu nikasema nina mafua, nikajitolea kupanga spana stoo. Nilizipanga kwa ukubwa, nikazipanga tena kwa uzuri.

Na nyumbani nifanyeje? Mke wangu alikuwa ameshawatangazia wote bombani. Kila jioni nikawa narudi na hadithi mpya, mara ndege wanapita chini yangu, mara nimeguswa na wingu, lina baridi. Mke wangu akauliza kama kutoka kule naiona nyumba yetu. Nikamwambia naona hata sufuria isiyofunikwa. Mama naye akauliza, taratibu kabisa, "Na mimi unaniona?" Nikasema, "Nakuona vizuri Mama, kila siku saa nne, nikipumzika."

Jumanne ya wiki ya pili nikasema nina kizunguzungu, na hicho kilikuwa cha kweli, nilikuwa nimetazama juu. Kamba akanirudisha nyumbani mapema. Nafika getini, saa nne kasoro dakika chache, namkuta Mama katikati ya uwanja na fimbo yake. Mkono wa pili umeshika kile kitambaa cha meza cha njano, anakipunga kuelekea mlimani kwa nguvu zake zote. Alikuwa anasema maneno ambayo sikuyasikia kwa kelele za kiwanda. Mimi niko nyuma yake, hatua kumi, buti mkononi. Tena alikuwa ameuelekea mnara namba nne, hata haukuwa wangu.

Sikuweza kuingia. Nilijificha nyuma ya marundo ya matofali mpaka saa kumi na moja, na nakwambia ukweli, Dada, nililia. Sijawahi kujiona mdogo kiasi kile, na unajua nimeanza na ufupi wa kutosha.

Alhamisi nikajifunga mkanda kabla sijaambiwa. Kamba alipanda nyuma yangu. Nilifumba macho tangu kidato cha kwanza cha ngazi. Penye mapumziko ya kwanza niliimba nyimbo za shuleni. Penye mapumziko ya pili nilimkiria Kamba kwamba nilidhani wanatafuta mtu wa mapangaboi ya ofisini. Alicheka mpaka ngazi ikatikisika, nikamsihi kwa jina la wazazi wake anyamaze. Penye mapumziko ya tatu nilimwachia wosia. Baada ya saa nzima na robo akafungua kifuniko cha juu, upepo ukanipiga usoni, akaniamuru nifumbue macho.

Kiwanda cha matofali kilikuwa sawa na kibiriti. Nyuma yake kulikuwa na kitu cha njano, kidogo kama punje ya mahindi, kinachezacheza. Dada, niliachia mkono mmoja. Mimi! Nikaupunga mpaka bega likauma. Kamba akauliza nampungia nani. Nikamwambia ni mama yangu, naye akainua mkono wake akapunga.

Jioni nilifika nyumbani, nikanywa maji vikombe vitatu, nikakaa kimya. Mama alingoja mke wangu atoke na vyombo, akasema, "Leo ndiyo umepanda."

Nikajifanya sielewi. Akasema, "Siku zote ulikuwa unarudi na maneno. Leo huna hata moja."

Nikamuuliza, "Sasa Mama, kama ulijua sipo kule juu, ulikuwa unampungia nani?"

"Mnara," akasema. "Nilikuwa nauambia ukungoje."

Basi Dada, nisalimie shemeji, wapwa wote, na shangazi mnayekaa naye. Mke wangu anakusalimu sana, na haya mambo hayajui, tafadhali yabaki hivyo. Mama anasema ule vizuri na usilale umechelewa. Mungu awafunike wewe na nyumba yako, popote mnapopanda na mnaposhuka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fundi Stuli