Mistari Miwili ya Mpakani

Kitaya, 2 Juni 2024

Kaka Hashimu,

Assalaam alaikum. Natumaini wifi na watoto huko Magomeni hawajambo. Sisi wazima, ila mama bado anakohoa.

Simu hupokei, ndiyo maana naandika. Pilipili kichaa zangu zimetoa maua. Shamba lote nimelitandazia nyasi na kulitia samadi, wadudu nawafukuza kwa mwarobaini. Pilipili isiyoguswa na dawa za dukani mnunuzi wangu huilipia karibu mara mbili ya bei ya sokoni, lakini huipima kwanza kama ina dawa. Nawe unajua kusi huvuma kutoka kwenye mikorosho kuja kwangu. Naomba vijana wako wasipulizie dawa mistari miwili ya mikorosho iliyo mpakani mwa mashamba yetu. Tangu baba afariki sijakusumbua juu ya mistari hiyo.

Mdogo wako,
Mwanahawa

Magomeni, 11 Juni

Mwanahawa,

Waalaikum salaam. Huku salama, mpe mama pole.

Umenichekesha. Mkorosho usipopuliziwa unashikwa na ugonjwa wa ubwiri unga, maua yanakauka. Nipoteze korosho kwa ajili ya kiungo cha mchuzi? Zikipata dawa kidogo si unaziosha? Hilo daftari lako la kuandika kila jambo na tarehe yake limekufanya mwanasheria.

Kaka yako,
Hashimu

Kitaya, 8 Septemba

Kaka,

Salaam. Mama ana nafuu. Mimi sina.

Tarehe 19 Juni, saa mbili asubuhi, vijana wako walifika mpakani. Niliwapungia kanga wasimame. Mwenye mashine akasema, "Mama, bosi kasema tumalize hadi mwisho." Leo majibu ya kipimo yamekuja: magunia yote saba yamekataliwa. Miezi mitano ya kuinama! Mnunuzi atanifuta kwenye orodha yake nisipomwonyesha maandishi kwamba mpakani hapatapuliziwa tena. Niandikie, utie sahihi, kabla mwezi haujaisha.

Mdogo wako,
Mwanahawa

Magomeni, 20 Septemba

Mwanahawa,

Salaam kwa mama. Sahihi sitii. Nikitia leo, kesho utanidai fidia. Mikorosho ni yangu na dawa ni yangu. Pilipili kaziuze sokoni kama wenzako.

Kaka yako,
Hashimu

Kitaya, 4 Oktoba

Kaka,

Salaam. Mama amepona, jana tulishinda naye shambani.

Korosho zimeanza kuanguka. Za mistari miwili ya mpakani, miti ishirini na minne, tumeziokota sisi. Daftari langu, tarehe 9 Februari 2016, siku tuliyogawana urithi: mistari hiyo ni fungu langu, na chini yake kuna sahihi yako. Miaka minane nilikuachia uvune kwa sababu ulikuwa unasomesha watoto. Hukuwahi kusema hata ahsante, ukafika mahali pa kuniandikia "ni yangu".

Mwenyekiti wa kijiji ameusoma ukurasa huo. Mnunuzi ameupiga picha, jina langu limebaki kwenye orodha yake. Juni ijayo vijana wako waishie mstari wa tatu. Miti yangu ikishikwa na ubwiri unga, ni yangu.

Aliyeleta barua hii ana mzigo wenu. Korosho ni za watoto. Robo kilo ya pilipili ni yako, katika zile zilizokataliwa. Ulisema zinaoshwa. Zioshe, ule.

Mdogo wako,
Mwanahawa