Unga wa Keki Katika Karatasi za Mama

Nyumbani,
Chumba cha cherehani.
Jumapili, 23 Novemba.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Hujambo, mdogo wangu? Shemeji naye je, mgongo umempa nafuu? Na wanangu mapacha, bado wanagombania dirisha kwenye gari? Naomba barua hii iwakute mmekaa mezani, mmeshiba na hakuna anayekohoa. Huku kwetu tunapumua. Mama anakula vizuri na usingizi wa mchana haumpiti. Mimi nimechoka. Usinielewe vibaya, si uchovu ule wa kunywa chai ukapita. Nimechoka mpaka kuchana nywele naona ni kazi ya watu wawili.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako inanishinda. Nikianza tu jambo la maana, mtandao unakatika. Ajabu yake ni kwamba tukizungumzia mapishi haukatiki hata dakika moja. Barua haina mtandao, kwa hiyo tulia usome mpaka mwisho.

Hospitali wamenipa tarehe kumi na mbili Januari ya kuutoa ule uvimbe. Nimeshaahirisha mara mbili, mara zote kwa ajili ya Mama, na safari hii daktari hakucheka. Nikitoka pale sitakiwi kubeba chochote kizito kuliko birika kwa wiki sita. Sasa hesabu mwenyewe: nani anamwinua Mama kitandani, nani anamweka kitini, nani anamtoa bafuni? Ni mimi. Nakuhitaji hapa wiki hizo sita, nalo ndilo neno lililonikalisha kwenye kiti hiki cha Mama asubuhi yote. Mengine yote ni maelezo tu.

Majirani hawajanitupa, Mungu awalipe. Mama Miwani wa nyumba ya mbele ndiye anayekaa na Mama nikiwa kazini, naye hata kusuka kwake siku hizi anasukia hapa kwetu. Mzee Honi, yule dereva wa basi aliyestaafu, mara mbili amemkuta Mama njia panda na kanda ya kupimia shingoni, anatafuta duka la vifungo lililofungwa zamani. Mara zote mbili alimrudisha taratibu, amemshika mkono, huku akipiga honi kwa mdomo ili watu wapishe. Nimewataja wawili, ila wote waliotushika mkono mwaka huu ni tisa.

Niliona nisiingie hospitali bila kuwashukuru. Na sikufichi, nilikuwa nalainisha njia pia, nikidhani labda watanishikia hizo wiki sita na wewe nisikusumbue. Mama Miwani akanimaliza kwa upole wake. Alisema mchana nimwachie yeye, lakini kumwogesha mzazi na kulala naye chumba kimoja ni kazi ya mtoto wa nyumba hiyo.

Turudi kwenye lile uliloniuliza, maana najua mwisho wa muhula unakaribia na unataka kuwapa walimu wa mapacha zawadi isiyokutoboa mfuko. Keki zenyewe za kuwashukuru majirani sikuziweza. Oveni yetu inaunguza upande mmoja, na nguvu za kusimama jikoni sina. Nikatengeneza ule unga mkavu wa keki ya Mama, kila mtu akaongeze mayai, maziwa na mafuta kwake. Vipimo nilivipata kwa kuukumbuka mkono wake, maana yeye hakuwahi kutumia kijiko.

Mitungi ya jemu iliyokwisha nilipewa na mpishi wa kantini ya ofisini kwetu, mitano. Lebo zake ukizikwangua kwa kisu utalia. Zipake mafuta ya kupikia, ziache mpaka kesho yake, zitatoka zenyewe. Hakikisha mtungi umekauka kabisa kabla ya kutia kitu, la sivyo utakuwa umempa mtu jiwe. Panga kwa tabaka: unga, kakao, sukari, na kila tabaka ugongegonge mtungi mezani lishikane. Usiweke unga na sukari vikafuatana, huwezi kuona tofauti na uzuri wote unapotea. Hamira ya keki na chumvi vifunge peke yake kwenye kikaratasi uweke juu. Juu ya kifuniko kata kitambaa cha duara kutoka kwenye mabaki, ukifunge kwa utepe wa kupindia nguo. Chumba hiki kina mabaki ya kufunika mitungi ya mji mzima.

Wanne waliokosa mitungi niliwashonea vifuko vya bitana, ndani nikaweka mfuko safi wa nailoni. Mkono wangu si wa Mama. Kimoja kimepinda kama kinasikiliza mlango, ndicho nilichompangia Mzee Honi kwa kuwa hatanisema. Maelezo ya kupika niliyaandika kwenye vipande vya jalada la daftari, nikavitoboa na kuvining'iniza kwa uzi na kifungo.

Ikabaki karatasi ya kuzungushia nje, na hapo ndipo nilipoharibu.

Unazikumbuka karatasi za vipimo za Mama, zile za kaki, kila mteja na umbo lake na jina lake la utani juu kwa penseli ya bluu. Mwaka wa pili huu hajakata nguo. Nikaona karatasi imara, ya bure, inakaa tu. Za kwenye droo zilikuwa zimekunjwa mara nne na zina mikunjo, basi nikashusha zile zilizotundikwa msumarini, zilizonyooka. Nikazikata nusu nusu, nikafunga vifurushi vyote tisa, kila kimoja kwa nusu mbili. Vilipendeza, nisiseme uongo. Kilichoniponyoka akilini ni utaratibu tuliokua nao mimi na wewe. Aliyekufa au kuhama moja kwa moja, Mama humkunja mara nne akamweka drooni. Anayengojwa bado, anabaki msumarini.

Jana mchana nilikwenda kununua uzi wa katani, nikamwacha Mama amelala na Mama Miwani anasuka kibarazani. Niliporudi nilimkuta Mama kwenye meza ya kukatia. Amevifungua vyote tisa. Mitungi ameisogeza pembeni imepangwa vizuri, hata chembe ya unga haikumwagika. Na zile karatasi, mdogo wangu, alikuwa anaziunga kwa pini. Mama ambaye asubuhi alitaka kuvaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia alikuwa anaoanisha mkono na bega lake, kiuno na kifua chake, na hakukosea hata kipande kimoja.

Hakunigombeza. Aliniambia karibu mteja, kaa, maana siku hizi ananiita hivyo, mteja. Nikakaa kwenye kigoda cha wateja. Akaniuliza ni nani amewakata watu hawa nao wazima. Niliona aibu, nikasema sijui. Akaanza kunionyesha mmoja mmoja. Huyu anapenda kola pana. Huyu ana mimba, tumwachie nafasi. Watatu au wanne alisema wamechelewa mno, hawaji tena, akawakunja mwenyewe.

Akafika kwenye yangu. Sikujua hata kwamba nilikuwa nimejikata na mimi.

"Huyu ni mwanangu mkubwa," akaniambia. "Ona, bega la kulia limeshuka. Anabeba sana huyu. Namwambia apumzike, hasikii."

Nilikuwa nimekaa mbele yake, hatua moja. Nikamwambia leo atasikia. Akanipigapiga mkono, akasema haya, mteja, nashukuru. Nililia, sitakudanganya. Nililia mbele yake naye akadhani nguo yangu imeharibika, akaniahidi atairekebisha bure.

Ya mwisho ilikuwa yako. Ile ya gauni la kuagwa kabla ya harusi, ulipokuwa mwembamba kama kijiti. Nilikuwa nimeitenga kwa kifurushi chako, kwa sababu na wewe nilikupimia unga, ni cha kumi nje ya wale majirani, na hiyo peke yake sikuwa nimeikata. Nilipoinyooshea mkono akaivuta kwake. Alisema hii haitoki hapa, vipimo vyake ni vya zamani na mwenyewe anakuja kupimwa upya. Akainuka bila kushikwa, akaitundika msumarini. Iko hapo juu ya kichwa changu ninavyoandika.

Majirani niliwafungia na kuwagawia jana hiyo hiyo jioni kwa kurasa za kalenda kubwa ya ofisini, upande mweupe nje, na hakuna aliyelalamika. Mzee Honi ameshapika chake na kukiunguza, anasema kilikuwa kitamu katikati. Kwa hiyo walimu wa mapacha wafungie kalenda, inatosha kabisa. Chako kinakuja na barua hii, nimekifunga kwa karatasi yangu mimi, pamoja na pini zake zote. Angalia usijichome.

Najua una kazi, na najua wanao ni wadogo. Najua pia unaogopa kuja ukute hakujui. Nakuambia ukweli, kwa uso hatakujua. Hata mimi hanijui. Mara ya kwanza inauma vibaya sana, baadaye inauma kawaida. Lakini usikae huko ukangoja siku utakayokuwa na nafasi, kwa sababu mimi nafasi imeniishia. Sikuombi kitu kingine chochote, wala usinitumie chochote. Panda gari, ukae wiki sita, uniinulie Mama. Nikiahirisha mara ya tatu, tutakuwa wagonjwa wawili nyumba moja.

Niandikie siku utakayofika, nimwambie Mzee Honi akupokee stendi. Atafurahi kupata abiria.

Mpe salamu shemeji, mwambie namwazima mke wake na nitamrudisha akiwa mzima. Wabusu mapacha, mmoja mmoja wasigombane. Mama Miwani anakusalimu na anauliza kama bado unaogopa kuku. Baba mdogo naye alipita Ijumaa, mguu wake unaendelea vizuri, anakuombea. Mungu awafunike wote na akufungulie njia.

Salamu za Mama sikuletei. Nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake, akasema nisipoteze wino, uko njiani.

Akupendaye sana, na aliyechoka,
Dada yako mkubwa.