Kuzaa Bila Kutaja Jina

Likasi, tarehe 10 Novemba 2024

Yaya Aimée,

Nakusalimu wewe, dada yangu mkubwa, shemeji Germain na mwanao Hénoc. Mnaamkaje huko Kakanda? Tumbo linaendaje, miguu imeacha kuvimba? Sisi tuko wazima. Baba anakohoa kidogo asubuhi, lakini bado anapanda baiskeli yake na hataki mtu amwambie kitu.

Ninaandika kwa sababu simu yako imekufa, na kwenye simu ya shemeji siwezi kusema. Unanijua. Nikisikia sauti ya mwanamume inasema « allô », nakata simu.

Ulipokuja Septemba, tukiwa tunaanika nguo, uliniambia: « Elikia, naogopa kuzaa kuliko kufa. » Halafu Hénoc akaanguka, ukamkimbilia, na mazungumzo yakaishia hapo. Nimebeba neno hilo miezi miwili. Mama angekuwa hai, angejua la kusema.

Tangu nipate diplôme ya sekondari niko tu nyumbani, basi padri akaniombea nafasi kwa Mama Élisabeth, mkunga wa maternité ya parokia. Ninafua mashuka na kuchemsha maji. Juma lililopita niliona mwanamke anazaa bila kupiga kelele. Alisimama ameegemea ukuta, macho wazi, anapumua polepole kama mtu anayetwanga sombe, majani ya muhogo, huku akifikiria mambo yake. Nilimwuliza Mama Élisabeth amempa dawa gani. Akacheka: « Dawa ya nini? Ile ni hypnose. Alifunzaka akili yake mbele, miezi mitatu. »

Yaya, si kulala na si kulogwa. Anasema kila mtu anaijua: unachambua maharagwe, unaitwa mara tatu, husikii. Masikio yapo, lakini umeingia ndani. Mwanamke anajifunza kuingia ndani hivyo kwa kupenda mwenyewe, ili uchungu umkute ametulia. Hauishi wote. Na muuguzi lazima awepo. Damu ikizidi au mtoto akikaa vibaya, ni kazi yake.

Kuna njia kadhaa. Ukitaka, nitaziuliza zote.

Mdogo wako,
Elikia


Kakanda, 24 Novemba 2024

Mdogo wangu Elikia,

Dereva Jean-Claude amenifikishia barua yako na ndakala, dagaa wakavu alionitumia Baba, ingawa gari lake lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya mizigo. Asante. Miguu bado inavimba jioni. Hénoc ana mafua lakini anakula. Mwambie Baba anywe maji ya tangawizi na aache ubishi.

Sikukuambia ninaogopa nini. Nikuambie sasa; wewe si mtoto tena.

Hénoc alichukua saa kumi na tisa kutoka. Ulipopita muda mrefu, Mama Angèle, mama mkwe wangu, alisogea karibu na kichwa changu akasema: « Mutoto anakataa kutoka. Weye iko na kitu ku roho. Taja jina ya ule mwanaume, mutoto atoke. »

Unajua wazee wanavyoamini: mtoto akichelewa, mama yake alitoka nje ya ndoa, na njia haifunguki mpaka amtaje mwanamume. Nilisema hakuna. Akauliza tena. Akawaita wanawake wawili wa chumba chao cha maombi. Uchungu ukija, jina. Uchungu ukienda, jina. Elikia, nilifika mahali nikaanza kutafuta jina la kuwapa, jina lolote, la mwalimu wangu wa zamani, la muuza mkate, ili tu waniache nipumue. Sikulisema. Hénoc akatoka, na wao wakasema Mungu amenihurumia.

Germain hajaniuliza hata siku moja. Lakini wiki ile ya kwanza nilimkuta ameinama anachunguza masikio ya mtoto, huku akipapasa ya kwake.

Kwa hiyo uchungu wenyewe nauweza. Ninachoogopa ni kulala tena chini ya swali lile. Mtoto anatarajiwa mwisho wa Februari. Nichagulie njia, wewe uliye karibu na wanaojua.

Yaya wako,
Aimée


Likasi, 8 Desemba 2024

Yaya Aimée,

Mafua ya Hénoc yamekwisha? Baba amekubali tangawizi, ila anasema ni wazo lake.

Barua yako nimeisoma mara nne, kisha nikaificha ndani ya kitabu cha kemia, mahali Baba hafiki. Nimeweka hasira yangu yote kwenye kazi uliyonipa.

Mama Élisabeth ana sauti kwenye simu yake, za mwanamke fulani wa Ufaransa. Unalala chini, unafumba macho, na yeye anakupeleka pwani, mawimbi yanakuja, yanarudi. Nilijaribu Jumatano, maharagwe yakiwa motoni. Kwanza nilikuwa najiuliza kama baharini kuna mamba. Baadaye sikujiuliza tena, nililala kabisa. Aliyeniamsha ni Laure, jirani yetu, aliyeletwa na harufu: « Elikia, unaunguza nyumba ya baba yako juu ya nini? » Maharagwe yalikuwa makaa. Baba alikula mkate mkavu, akasema: « Hiyo njia ina nguvu. » Lakini wewe na mimi hatujawahi kuona bahari. Na umeme ukikatika siku mbili, simu inakufa na pwani yako inakufa.

Kuna nyingine ambayo mtu anakuhesabia, kumi, tisa, nane, unashuka ngazi kichwani mwako, na akikugusa paji la uso uko ndani. Wengine inawafaa. Ila nguvu yote iko kwa yule anayehesabu. Nilifikiria nani atakuwa upande wa kichwa chako, nikaiacha.

Ninayokuchagulia ni ya mkono. Macho yako wazi, unaweza hata kutembea. Unafikiria mahali ambapo mwili wako unapajua. Unaingiza mkono kwenye kitu cha baridi, kwa mawazo tu, unangoja mpaka ganzi ije kweli, kisha unaleta mkono kwenye tumbo na kuiacha baridi ipite. Nilimwomba Laure anifinye ili nijue kama ni kweli. Alifurahi kupita kiasi. Siku za kwanza niliumia vizuri. Siku ya tisa nilisikia anafinya, lakini ni kama alifinya sweta niliyovaa. Alinung'unika kwamba nimemharibia mchezo.

Kwa mahali, nilifikiria maji ya Mwadingusha, miaka ile Baba alipofanya kazi kwenye bwawa. Asubuhi za mwezi wa saba tulichovya mikono tukishindana nani atavumilia. Ulishinda kila mara, hata nilipokudanganya kwamba Mama anakuita.

Fanya kila siku robo saa, baada ya kuoga. Ikikukataa, niambie, usinionee huruma.

Mdogo wako,
Elikia


Kakanda, 5 Januari 2025

Elikia mdogo wangu,

Mwaka mpya uwe mwema kwako na kwa Baba. Hapa mvua haituachi, nguo zinakaukia ndani. Mtoto anapiga teke hasa ninapotaka kukaa.

Njia ya mkono imenikubali. Siku ya sita vidole vilikufa ganzi kweli, na Hénoc alivishika akauliza: « Mama, ulikuwa unafua? » Nilifurahi mpaka nikamwambia Germain. Alisikiliza, akaniomba nimfundishe kwa ajili ya jino lake.

Lakini Mama Angèle alinikuta nimekaa hivyo. « Unaomba nani na macho wazi? » Nilimweleza, na kosa langu lilikuwa kulitaja neno lenyewe, hypnose. Wiki nzima alikemea. Alipaka mlango wangu mafuta ya maombi, mpaka Hénoc akateleza kizingitini.

Baada ya Noeli akabadilika ghafla. Ananiletea uji. Ananiuliza kama nimefanya zoezi langu, na nisipofanya ananikumbusha. Nilidhani amenionea huruma. Juzi akasema kwa upole: « Ile hypnose, muntu akiingia ndani anasema yote, hapana? Hawezi kuficha? » Shemasi wao alimwambia kwamba kule ndani ulimi hauna mlango.

Umeelewa? Anaisubiri kuliko mimi. Amewaambia na wale wanawake wawili, watakuja kusikiliza. Safari hii hawatauliza jina. Watakaa kimya wangoje nilitoe mwenyewe.

Na mimi nina wasiwasi. Si kwamba nina la kusema. Lakini kama kweli ulimi unafunguka, si ninaweza kusema lolote, hata jina la muuza mkate? Niiache?

Yaya wako,
Aimée


Likasi, 19 Januari 2025

Yaya,

Hénoc hakuumia alipoteleza? Sisi wazima. Kikohozi cha Baba kimepona, na sasa anawapa tangawizi majirani.

Nilimpelekea Mama Élisabeth swali lako siku ileile. Kwa mara ya kwanza nilimkatiza akiwa anakula. Alijibu: « Muntu akiingia ndani, haachi akili yake ku mulango. Asiyetaka kusema hasemi. Na asiye na kitu, atatoa nini? » Ameona wanawake zaidi ya mia. Mmoja tu alisema kitu, na alikuwa anaagiza soda.

Kwa hiyo usiache. Kuhusu mama mkwe wako sijui nikushauri nini. Ukimwambia ukweli, atarudi kwenye mafuta yake. Ukimwacha na kosa lake, atakuja na wenzake. Mimi ningemwambia ukweli. Lakini mimi ni mtu anayezunguka kanisa zima ili asisalimie watu mlangoni, kwa hiyo usinifuate.

Kazi ninayoweza ni hii. Uchungu ukiwa mkali, mtu akikusomea maneno inasaidia kubaki ndani. Nimeyaandika kwa Kiswahili chetu, si cha shule, na Mama Élisabeth amesahihisha mahali pawili. Ukurasa mmoja na nusu, nimeuweka ndani ya barua hii. Sharti ni moja: anayesoma asome tu. Akiingiza neno lake, anakutoa. Yanaanza hivi:

« Uko Mwadingusha. Ni mapema. Ingiza mukono ku maji. Baridi inapanda ku vidole, ku kiganja, ku kifundo. Usikimbie. Sasa leta mukono ku tumbo. Pumua. Mwili yako inajua njia. Hakuna muntu anakuuliza kitu. »

Nitakuja mwenyewe tarehe 20 Februari kukusomea. Nimefanya mazoezi mbele ya kuku wa Laure. Walibaki wote.

Mdogo wako,
Elikia


Likasi, 21 Februari 2025

Yaya Aimée,

Mko wazima? Niambie tu hilo, mengine baadaye.

Jana nilikaa kituoni na mkoba wangu tangu saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna gari lililoondoka. Wanasema mbele ya Kambove njia imekuwa uji, malori yamelala ubavu. Jean-Claude mwenyewe hajaonekana kwa siku kumi. Saa tisa niliomba simu ya mwanamke mmoja nikampigia shemeji. Alisema « allô », nikakata. Nimeona haya kiasi kwamba hata kuandika hapa ni vigumu. Nilipiga tena. Safari hii nilisema « allô » na mimi, lakini mtandao ulikuwa umekatika.

Kama saa imefika na mimi sipo, nisamehe. Nampa barua hii dereva wa pikipiki, anaitwa Pitshou, anasema atapita popote.

Mdogo wako,
Elikia


Kakanda, 23 Februari 2025

Mdogo wangu,

Sote wazima. Ni msichana, alizaliwa tarehe 14, magari yakiwa hayapiti, ndiyo maana hukupata habari; kilo tatu kasoro kidogo. Tumemwita Chérie. Ananyonya vizuri na analia kwa ratiba yake. Pitshou wako amefika na matope mpaka kwenye nyusi. Anangoja nje nimalize.

Chupa ya uzazi ilipasuka asubuhi, Germain akiwa kazini. Mama Angèle ndiye aliyenipeleka kwenye kituo cha afya, tukitembea, mimi nikisimama kila mara. Muuguzi Patrice alinipima, akasema kila kitu kiko sawa na kuna muda. Wale wanawake wawili wa maombi walikuwa wamefika tayari, wamekaa kwenye benchi na Biblia zao.

Nilimwambia ukweli, Elikia. Nilisema: « Mama, kule ndani hakuna kitu kinachotoka bila mwenyewe kutaka. Na mimi sina jina. Sikuwa nalo kwa Hénoc, sina leo. » Uchungu mkubwa ukaja, nikaona anasogea kwenye kichwa changu, na nikajua mdomo wake unakwenda wapi. Nikatoa karatasi yako kwenye nguo. Wewe hukuwepo, nani mwingine angesoma? Nikasema: « Mama, nisomee. Wewe ndiye msomaji. »

Unajua yeye ndiye anayesoma neno mbele ya kanisa lao. Hajawahi kupewa karatasi akaacha kuisoma. Alivaa miwani, akaanza kwa sauti ile ya Jumapili. Alipofika kwenye « Hakuna muntu anakuuliza kitu », alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mimi nilikuwa na mkono majini, sikugeuka. Kisha akausoma mstari huo wenyewe, polepole, na akaendelea.

Alisoma kwa muda wa saa sita. Ukurasa mmoja na nusu, mwisho, mwanzo, mwisho. Aliongeza « kwa jina la Yesu » kila baada ya neno « kiganja », na haikunitoa. Niliumia, sikudanganyi. Lakini uchungu ulinikuta nyumbani kwangu. Mmoja wa wale wawili alipochungulia na kuuliza kama nimesema kitu, Mama Angèle alimjibu: « Wee, toka, unatuvurugia masomo. » Wakaenda zao. Patrice alicheka mpaka akamwomba aendelee kwa ajili ya mgonjwa wa pili.

Siku ya tatu alikuwa anamwogesha Chérie, mgongo wake kwangu. Akasema: « Miye, ku kuzala Germain, walinichokesha na ile swali. Nikataja jina. Muntu mwenye hakufanya kitu. Alihama na watoto yake, sikumuona tena. » Akamgeuza mtoto, akamwagia maji mgongoni, akamkausha vizuri, hata katikati ya vidole.

Hakulitaja jina la mtu yule, na mimi sikumwuliza.

Yaya wako,
Aimée