Nyamwiza na Sahani ya Ndakala

Baraka, mwezi wa kumi 1998

Kwako Mama Nyamwiza, dada yangu wa kule milimani,

Ni mimi Mama Atosha, mwenye kulinda batoto ku internat, pale benye kusoma banalala. Binti yako iko muzima. Amenenepa, iniforme imemubana, na kwa hesabu amekuwa wa pili.

Sasa usinikasirikie. Najua kwenu batu habakule samaki. Zamani Nyamwiza alikuwa analia akisikia tu harufu ya ndakala zetu, samaki badogo ba ziwa. Lakini vita ilipofika nilimuleta kwangu nyumbani, nikamufundisha kuzikula pamoja na vichwa. Alitapika, nikamugombeza, tukaanza tena.

Juma iliyopita basoda benye bunduki baliingia, banatafuta batoto ba milimani babauwe. Balitukuta tunakula. Mukubwa wao akamusukumia sahani, akamwangalia. Nyamwiza akatafuna ndakala mbili polepole, kisha akanigeukia: "Mama, leo umezidisha chumvi."

Bakacheka, bakaenda.

Dada, chumvi ilikuwa imetuishia tangu siku tatu. Na mbele ya siku ile hakuwahi kuniita mama.

Siku akirudi, mupe maziwa yake. Akiomba samaki, tafazali usimugombeze. Mimi nilishamugombeza ya kutosha.

Anayekulindia,
Mama Atosha