Taya Moja, Meno ya Namna Mbili

Baba,

Shikamoo. Kuna jambo nimelibeba tangu juzi na sina mwingine wa kumwambia: ulikosea.

Usikasirike kwanza. Unakumbuka yale meno ya dinosaria wadogo wala nyama tuliyoyachambua mezani, hapa nyumbani Izia? Wewe mfugaji uliyejua umri wa ng'ombe kwa kumfunua mdomo, mimi binti yako niliyesomea miamba. Ukayagawa mafungu mawili. Membamba yaliyopinda, yenye makali ya msumeno pande zote mbili, ukasema ni ya mnyama mmoja. Manene, yenye msumeno upande wa nyuma tu, ni ya mwingine. Nikakwambia huenda mnyama ni yuleyule, manene ya mbele, membamba ya pembeni. "Hata ng'ombe, baba, meno ya mbele na magego hayafanani." Ukaniangalia kama nimekutukana. "Kabula, huyu hakula nyasi!" Siku mbili tukala ugali bila kusemezana, mama katikati akisogeza bakuli la maharage huku na huku.

Halafu ukaugua, na sikukubishia tena mpaka tukakuzika.

Basi juzi, kule bondeni, karibu na pale ulipookota jino la kwanza ukichunga, tumepata kipande cha taya. Hakizidi kidole changu. Nikakisafisha kwa brashi, taratibu, likatokea jino nene mbele. Nyuma yake, kwenye mfupa uleule, jembamba limepinda. Wenzangu wa kazini walishangilia. Mimi nilienda nyuma ya gari nikalia. Sikutaka kushinda bila wewe kubisha, baba. Nilitaka unune kidogo, kisha ucheke vile ulivyocheka ukifungwa kwenye mchezo wa bao, ukijipiga paja.

Meno yote nimeyaweka fungu moja. Vikaratasi ulivyoandikia kila fungu sikuvitupa; mwandiko ule wa kukandamiza kalamu, utadhani unatia ng'ombe alama. Na vile vijino vya msumeno ulivyohesabu kwenye kila jino, nimevihesabu upya kwa lenzi. Hukukosea hata kimoja. Bila hesabu zako nisingekuwa na cha kulinganisha na taya.

Pumzika, baba yangu. Mvua imetufukuza kazini. Ikikatika nateremka tena bondeni, na safari hii mama anakuja nami. Anataka kuona ni wapi hasa ulikuwa ukipiga magoti kutwa nzima, ukirudi nyumbani suruali imetoboka. Nitamwonyesha.

Mwanao,
Kabula