Pasi ya Mkaa ya Mama Mkubwa

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la viatu.
Jumapili, wiki ya tatu ya baridi.

Mpendwa Dada,

Hujambo huko uliko? Shemeji hajambo? Na huyo mwanangu ambaye bado sijambeba, ananyonya vizuri? Sisi huku tu wazima, na safari hii neno hilo siliandiki kwa mazoea.

Baridi imekaza. Asubuhi vioo vya dirisha vinatoka jasho, nami huandika jina la mtoto kwa kidole, kisha nalitazama likiteremka polepole hadi lipotee. Mama Mkubwa anasema nimezidi kuota mchana, na nguo za watu zinasubiri vifungo.

Barua yako imeninyima raha. Umesema jioni mnaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga kila kitu, mtoto asipigwe na baridi. Dada, nasi tulifanya hivyohivyo Alhamisi iliyopita, ila sisi hatukutumia jiko.

Unaikumbuka ile pasi ya mkaa, yenye jogoo kwenye kifuniko? Mama Mkubwa hakuiacha hata umeme ulipokuja. Mchana ule, alipomaliza kunyoosha sare za shule, aliona uchungu kumwaga makaa yangali mekundu. Akaiweka juu ya tofali katikati ya chumba, kifuniko wazi. Nyufa za dirisha alikuwa ameshaziziba kwa mabaki ya vitambaa, akiyasukuma kwa ncha ya mkasi, kwa ustadi uleule anaotilia bitana kwenye koti. Akasema, "Sasa na chumba kimevaa."

Nami nilifurahi. Hapakuwa na moshi wala harufu, makaa yalikuwa yamekolea. Joto likanipanda miguuni kama maji. Rangi za vitambaa zikaanza kuelea, nikawa kama namwona marehemu Mama pale kwenye kona, akikunja mashuka, akiwa mdogo kuliko mimi. Kichwa kiliuma, lakini kwa mbali, kama kichwa cha mtu mwingine. Nilidhani ni furaha. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Kisha nikamwona Mama Mkubwa akitunga uzi. Yeye, ambaye hutunga uzi huku anapiga soga na mteja, alilikosa tundu mara tatu, akacheka peke yake, sindano ikamponyoka. Nikagutuka. Nilitaka kusimama, magoti yakakataa. Nikapindua stuli, nikatambaa hadi dirishani, nikachomoa vitambaa kimoja kimoja mpaka dirisha likafunguka.

Kiraka, fundi viatu wa chini, alisikia stuli ikianguka, akapanda mbio. Akatutoa nje, akaipeleka pasi uani. Mama Mkubwa alipozinduka sawasawa, alimwuliza amemkunjia nani sura. Kiraka akamjibu, "Mama, nguo za wateja zimeisha, ukaamua kujipiga pasi mwenyewe?" Alikuwa anatania, lakini hapohapo akatupeleka zahanati.

Muuguzi wa zahanati alitueleza kwamba mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na kwamba watoto wachanga huwahi kuzidiwa. Wachanga, Dada. Siku mbili baadaye ikafika barua yako.

Nakusihi, mkaa ubaki nje, hata ukionekana umekwisha. Mvalishe mtoto nguo nyepesi mbili tatu. Kitanda chake kipasheni joto kwa chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa, kisha muiondoe kabla ya kumlaza. Sisi tumehamishia cherehani upande wa jua, na jioni tunakaa chini ya blanketi moja, kila mtu akishona pindo lake la gauni lilelile. Nilikuwa sijui kwamba magoti ya mtu mzee yana joto kiasi hiki.

Kwenye kifurushi utaona blanketi dogo la rangi nyingi, la kumfunikia mtoto unapombeba. Ni vile vitambaa vya dirishani. Mama Mkubwa alikataa katakata kuvirudisha kwenye nyufa, akaviunga vyote. Uzi alitunga mwenyewe, akalipata tundu mara ya kwanza tu, nami nilikuwa namtazama.

Msalimie Shemeji, na wifi yako Mashavu. Mama Mkubwa anakusalimu, Kiraka pia. Mungu awalaze salama na awaamshe wote watatu.

Sasa iweke barua hii chini, ukafungue dirisha. Mengine utanijibu ukirudi.

Wako akupendaye daima,
Mdogo wako, Muota-mchana.